Fundi wa Ralanti

Kabla ya kushika spana, Fundi aliomba watu wanyamaze. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mihogo, pale unapotoka Rumonge kuelekea Nyanza-Lac, na mashine ikianza kunguruma yeye aliweka vifaa chini, akakaa kwenye tairi kuukuu, akangoja. Ungoje naye. Ukimwambia una haraka, alikuonyesha barabara kwa kidevu, kwamba mafundi wengine wapo na nafasi wanayo. Siku moja pastori mmoja alimletea gari, akasimama karibu na boneti akieleza ugonjwa tangu mwanzo wake, na alivyouombea, na alivyoambiwa na shemeji yake wa Bujumbura. Fundi alimsikiliza kwa adabu mpaka akachoka. "Pastori," akasema, "weye unahubiri, na gari nayo inahubiri. Mumoja anyamaze kidogo." Pastori alicheka, akanyamaza, na tangu hapo hakupeleka gari kwa mtu mwingine.

Nasema "alikuwa" si kwa sababu amekufa. Yuko hai, Mungu amtunze. Ila spana amezigawa, na fundi bila spana ni mzee kama wazee wengine, wa kusalimiwa na kupelekewa samaki.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia, na sidhani wengi mjini wanalikumbuka. Walimwita Fundi wa Ralanti. Ralanti ni ule mwendo mdogo wa injini gari likiwa limesimama na mguu wako hauko kwenye mafuta, pale linapohema tu lenyewe. Sisi tuliokulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tunaita sailensi, na hilo lilimchekesha kila mara nilipolisema. Aliniuliza kama kwetu Tanzania gari likisimama linanyamaza kabisa, na kama ndivyo, tunajuaje halijazimika? Mimi ni mwanamke wa mdomo, nikamjibu aende akasikilize mwenyewe.

Magari yanayokata breki au kutoa moshi aliwaachia vijana wenye kompresa na redio. Yeye alipenda lile gari linalokwenda vizuri barabarani, linapanda milima ya Magara bila kulalamika, halafu likifika kwenye kizuizi, dereva akiondoa mguu, linatetemeka, mlio unashuka, unashuka, linakufa. Gari la namna hiyo lilimfurahisha hata akasahau kula. Alisema mbio zinaficha mengi, na kwamba yeye anataka kulijua gari likiwa limepumzika.

Na hapo ndipo alipokuwa mkali. Kuna skrubu moja ndogo ambayo ukiikaza, ralanti inapanda. Kila dereva wa barabara hii anaijua. Gari likianza kuzima anaikaza nusu mzunguko, kesho nusu nyingine, mpaka linanguruma limesimama kama linapanda mlima, na petroli inakwisha kabla ya Minago. Fundi akikuta skrubu imekazwa, aliirudisha mahali pake kwanza, gari linazima palepale mbele ya mwenyewe, ndipo anasema, "Sasa tunaweza kuongea." Watu wazima waliaibika. Mwanajeshi mmoja mstaafu aliwahi kukana kwamba aliigusa, na Fundi akamwonyesha mkwaruzo mpya wa bisibisi kwenye shaba.

Usije ukadhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu, na ulimi unaochoma. Spana zake alizipanga juu ya gunia kwa ukubwa, na ukiirudisha namba kumi mahali pa kumi na mbili ungejuta kuja, lakini shati lake mwenyewe lilifungwa vifungo upande mara nyingi kuliko ilivyo kawaida kwa mtu mzima. Tena hakuwahi kuendesha gari. Maisha yote na magari, na usukani hakuugusa. Ikibidi kulijaribu barabarani, mwenye gari aliendesha, Fundi akakaa kiti cha nyuma, macho amefumba, kiganja kimoja sakafuni na kingine kimeshika mlango kwa nguvu zote. Ukizidisha mwendo kidogo alianza kusoma dua. Nyumbani alirudi kwa miguu.

Kingine ni kwamba neno "samahani" halikumtoka. Akikugombeza asubuhi bila sababu, jioni mkewe alibisha hodi kwako na bakuli la ndagala, dagaa wa ziwani, amelifunika kwa kitambaa, akisema mzee amewakumbuka. Hivyo ndivyo ulivyojua kwamba amejuta. Mimi nimekula ndagala nyingi sana za mtu huyu.

Lakini si ndagala zinazonifanya niandike. Nina deni la shukrani kwake, na ili nilieleze itabidi nijiseme vibaya.

Nanunua mawese Gatete na Minago, napeleka Bujumbura. Tuliporudi kutoka Tanzania sikuwa na kitu ila mdogo wangu, niliyemlea tangu mama alipofariki kambini. Nilipopata gari, kuukuu lakini letu, yeye ndiye alikuwa dereva. Aliliosha kila asubuhi kabla hajaosha uso. Miaka mitatu tulifanya kazi hivyo, mimi nikiongea njia nzima na yeye akiitikia.

Kisha gari likaanza kuzima. Mwanzoni asubuhi tu, baadaye kila tuliposimama. Abiria tuliowachukua njiani walichoka kusukuma. Mdogo wangu akabadilisha buji, yaani plagi, akasafisha chujio la hewa, na ndiyo, akakaza ile skrubu. Wakati huo petroli ilikuwa shida kupatikana, kila mtu anaihifadhi nyumbani anavyoweza, na maneno yalizagaa kwamba madereva wanaifyonza kwenye tangi, wanaiuza, wanajazia mafuta ya taa. Mama mmoja tunayenunua naye alininong'oneza hayo, akamtazama mdogo wangu, akatikisa kichwa. Mimi nikayameza yote mazima.

Siku lilipozima sokoni Gatete, mbele ya wauzaji wote, nilimwita mwizi. Sitayaandika yote niliyosema. Nilimwambia mpaka habari za uji niliomnywesha akiwa mdogo. Alilisukuma gari, akaliwasha, akanifikisha nyumbani, akashusha madumu yote moja moja, akasema, "Usiku mwema, dada." Kesho yake hakuja. Nikasikia yuko Minago, anabeba mihogo kwa baiskeli.

Gari nililipeleka kwa Fundi kwa kukodi mtu. Nilipofika nilianza moja kwa moja: mdogo wangu ameliharibu, amelitilia mafuta ya taa. Fundi aliinua mkono.

"Mama, usiniambie ugonjwa. Niambie habari."

Hilo lilikuwa neno lake kwa kila mtu. Ugonjwa atautafuta mwenyewe, wewe mpe habari: lilianza lini, likiwa la moto au la baridi, mvua ilinyesha, lililala wapi. Aliuliza maswali kama daktari anayepima mtoto asiyejua kusema, na swali lake la mwisho siku zote lilikuwa lilelile, kwamba lilikula nini. Nikasema petroli, kwani magari yanakula nini kwenu? Hakucheka.

Aliirudisha skrubu. Gari likatetemeka, likafa. Akaliwasha tena, akachomoa nyaya za buji moja moja na kuzirudisha, akisikiliza. Zote nne zilikuwa zinafanya kazi sawa. Akapaka maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa kuona kama kuna inayovuja. Hakuna. Halafu akafanya kitu ambacho nakifanya mimi mwenyewe hadi leo: akafungua juu ya kabureta, akauziba mdomo wake nusu kwa kiganja. Badala ya kuzima, injini ikapata nguvu, ikatulia. Akaondoa kiganja, ikalegea. Akaziba, ikapona.

Akanieleza polepole, kama mtu ninayeweza kuelewa, na hilo pekee lilikuwa geni kwangu. Gari linavuta hewa ya kutosha ila petroli haifiki. Ukipunguza hewa, linafarijika. Barabarani petroli inapita njia kubwa, hakuna shida. Likisimama inapita kwenye tundu dogo la ralanti, dogo kuliko tundu la sindano. Basi tundu hilo limezibwa na kitu.

Alilifungua siku ya pili, mashine ya mihogo ilipokuwa imesimama. Alichukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, akauingiza kwenye tundu, akautoa, akaupangusa kwenye karatasi nyeupe. Alama ikabaki, ya rangi ya chungwa. Akainusa. Akanipa karatasi ninuse na mimi.

Ninanusa kitu hicho tangu nianze biashara. Kiko kwenye nguo zangu, kwenye nywele, kwenye godoro langu. Ilikuwa mawese.

Petroli ilipoadimika, mdogo wangu alikuwa akiipata anakoipata na kuniletea, na mimi ndiye niliyeihifadhi nyumbani, kwenye dumu moja la mawese. Nililiosha kwa mikono yangu, kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, likang'aa; nikamnong'oneza Fundi hayo. Kumbe sabuni haimalizi mawese kwenye plastiki. Petroli ndiyo inayoyatoa, kidogo kidogo, inayabeba ndani yake, na injini ikipoa yanaganda kwenye lile tundu. Nadhani hapa Rumonge si mimi wa kwanza kukosea hivyo.

Wakati huo palikuwa na watu uwanjani, wawili wakiwa wa Gatete, waliokuwepo siku ile nilipomtukana mdogo wangu. Wakauliza ni nini. Fundi alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema ni uchafu tu. Aliwangoja waondoke wote. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Kosa haiko ya mudogo wako. Kosa iko mu bidoni ya mawese. Hii maneno si ya kusemwa na miye. Utamwambia weye."

Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nalia, na yeye, ambaye hakuvumilia kelele, aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

Na sasa lile baya zaidi. Sikumwambia. Nilituma salamu Minago kwa mwendesha pikipiki: mwambie gari limepona, ilikuwa petroli mbaya, arudi kazini. Nilijiambia kwamba si uongo, maana petroli ilikuwa mbaya kweli. Mdogo wangu akarudisha jibu kwamba anashukuru, amefurahi gari limepona. Hakurudi. Tukaendelea kukutana kwenye harusi na matanga, tunaulizana afya kama majirani wazuri, na tukimaliza kila mtu anakwenda zake.

Nikajifunza kuendesha. Fundi alikaa kiti cha nyuma na dua zake, akanifundisha kusikiliza. Ninachojua kuhusu gari langu nimekijua kwake, na kimenilisha. Nikizimikiwa njiani, sasa nashuka na waya wangu wa baiskeli, na wanaume wanaokuja kunisaidia huishia kunishikia taa. Kila nilipopita kwake, miaka minne, baada ya salamu ya "amahoro" na kabla ya mengine yote, aliniuliza, "Ulimwambia?" Nikajibu bado. Hakunigombeza. Hakuna mtu mwingine mjini aliyepata kujua, na mji huu ukijua kitu hata samaki wanajua. Aliibeba aibu yangu kama ni yake, na mimi nilimzoea hivyo, nikaona ni wema tu.

Mwezi uliopita nilimpelekea samaki. Macho yake yameingia ukungu, ananitambua kwa sauti. Mkewe alituwekea mkeka nje. Akaniuliza habari za barabara, bei ya mawese, kama mvua imeanza Minago. Tukanywa chai. Nilikuwa nangojea swali lake, kama unavyongoja gari lizime, na halikuja. Chai ikaisha. Mwishowe nikashindwa mimi.

"Fundi, leo hujaniuliza."

"Nimechoka kuuliza."

Kisha akanieleza jambo ambalo mkewe pekee alikuwa akilijua. Ujanani alifanya kazi na mwenzake, rafiki kama ndugu, mtu wa Uvira. Injini ya lori la mfanyabiashara mmoja iliungua kwa kukosa oili, na Fundi akasema mbele ya mwenye lori kwamba mwenzake ndiye hakukaza kizibo. Rafiki akafukuzwa, akarudi kwao ng'ambo ya ziwa. Wiki moja baadaye Fundi aliukuta ufunguo wa kizibo kile mfukoni mwa ovaroli yake mwenyewe, mahali alipouweka akaenda kuswali, na akakumbuka kwamba kazi ile ilikuwa ya kwake.

"Nilisema nitavuka nimwambie. Kila Ijumaa nilisema nitavuka. Nikamutumia samaki, mara mingi. Samaki ilifika, miye sikufika." Akapangusa macho, sijui kama ni ukungu au nini. "Alikufa kulekule. Weye hauna ziwa ya kuvuka, mama. Ni Minago tu."

Nilimwelewa basi, na miaka yote minne nikaielewa. Alikuwa ananiuliza ili nisije nikawa yeye. Sijui kama nimewahi kupendwa na mtu asiye wa damu yangu kiasi hicho, na namshukuru hapa kwa sababu pale mkekani sikuweza vya kutosha. Nilisema tu murakoze, asante muzee, nikainuka bila hata kuaga vizuri.

Minago nilifika jua likiwa bado juu. Mdogo wangu alikuwa kando ya barabara na wenzake wa baiskeli, anafunga gunia la mihogo kwa kamba ya mpira. Nilitaka kumwita pembeni. Halafu nikakumbuka kwamba matusi sikuyasema pembeni. Nikafungua mlango, nikabaki nimekaa palepale kwenye kiti cha dereva, nikasema mbele ya wote.

"Petroli niliiweka mimi kwenye dumu la mawese. Hukuiba kitu. Hukuharibu kitu. Fundi alinionyesha wiki ileile, na mimi nikakuficha."

Wenzake wakageuka kutazama baiskeli zao. Yeye alimaliza kufunga fundo, akalivuta kuona kama limekaza.

"Wiki ileile?"

"Wiki ileile."

"Mimi ndiye nilikuwa nanunua ile petroli, dada. Uliponitumia kwamba ilikuwa mbaya, nikasema basi ni kweli, nimekuharibia gari. Nilikuwa naona haya kurudi."

Miaka minne nilidhani amekasirika. Sikuwahi kufikiri kwamba salamu zangu zile, nilizoona si uongo, zilimbebesha kosa upya, na safari hii akaliamini. Nilimwomba msamaha. Nililisema neno lenyewe, mara nyingi, sikumbuki ngapi, na yeye amesimama ameshika kiti cha baiskeli, anatazama chini.

Akaniuliza kama Fundi bado yupo. Nikamwambia yupo, haoni vizuri, nimetoka kwake sasa hivi. Akasukuma baiskeli na gunia lake mpaka ukutani, akamwambia mwenzake amwangalizie. Kisha akaja upande wangu, akapangusa mikono kwenye suruali, akasimama mlangoni.

"Sogea, dada. Twende tukamsalimie."

Nikasogea.